Wakuu nisaidieni, korodani ya kushoto inauma na kibofu hakitulii

JamaaWaKondele:
Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa boda hapa Kisumu. Siku hizi korodani ya kushoto inanisumbua, ilianza polepole kama mtu anaivuta na uzi, sasa imevimba na nikipita kwa matuta naona nyota mchana. Kibofu nacho, nimetoka kukojoa lakini nasikia bado kimejaa, nikirudi zinatoka tone mbili na zinachoma. Usiku naamka amka mpaka mama watoto anauliza kama nilikula tikiti maji yote. Nataka tu kujua nani amewahi kupata hii maneno na alitumia dawa gani. Msiniambie niende hosi, hiyo najua.

OtienoWaMatairi:
Ni kiti omera. Nunua sponji poa, uvae boksa ya kubana, utanishukuru.

Mzee_wa_Ahero:
Kijana hiyo ni kichocho. Sisi tulikua tukiogelea kwa mifereji ya mpunga, tukawa tunakojoa damu na tunashindana damu ya nani ni nyekundu zaidi, hakuna aliyeona ni ugonjwa mpaka watu wa afya walikuja shuleni na mizani wakatupima kilo na kutupa prazikwanteli. Zile tembe ni kubwa na chungu, rafiki yangu mmoja alizitema nyuma ya choo na mwalimu alikuwa amesimama hapo hapo. Siku hizo walimu walikuwa walimu.

Fundi_Milimani:
Mimi yangu ilikuwa jiwe la figo. Unaumwa kiunoni, inashuka mpaka huko chini, unadhani korodani ndio mgonjwa kumbe jiwe liko juu linateremka. Nililia mbele ya mama mkwe. Kunywa maji.

NesiMstaafu:
Kila mtu anamjibu ugonjwa wake mwenyewe. Mzee, kichocho cha ziwani huku mara nyingi kinashika matumbo, kile cha kibofu kinajulikana zaidi Pwani ingawa hata huko Kano kilikuwepo. Wewe kijana nijibu. Una miaka mingapi, ulitapika, kuna homa, na kuna kitu kinatoka mbele kabla ya mkojo?

JamaaWaKondele:
29. Sijatapika. Homa kidogo jioni. Hiyo ingine ni mambo ya ndani.

OtienoWaMatairi:
Ya ndani na umeyaleta kwa intaneti 😂

NesiMstaafu:
Bila hiyo siwezi kukusaidia. Mwanaume wa umri wako, maumivu ya polepole upande mmoja na mkojo unachoma, kitu cha kwanza tunafikiria ni klamidia ama kisonono kimepanda mpaka kwa ule mrija wa nyuma ya korodani. Kwa wazee ndio mara nyingi ni bakteria wa kawaida wa mkojo na tezi dume.

JamaaWaKondele:
Sawa basi. Kuna kastoma nilikuwa nampeleka Nyalenda kila jioni, mambo yakaenda yakaenda. Baadaye nikaona usaha kwa chupi. Chemisti akaniambia sindano na kapsuli za doksi, ile antibayotiki, sindano nikaona bei nikaacha, kapsuli nikameza nikasikia nafuu nikawekea zingine. Hizo zilizobaki nataka nimpe mama watoto nimwambie ni za minyoo, hivyo tutakuwa tumetibiwa wote bila kelele. Ako na mimba, sitaki apate presha.

NesiMstaafu:
Wewe! Simama hapo. Doksi hatumpi mama mjamzito, inaharibu meno na mifupa ya mtoto. Na nusu dozi haijakutibu wewe, ndio maana umevimba, na ukiendelea hivyo mirija inaweza kuziba ukose kuzalisha. Yeye apimwe kliniki ya wajawazito apewe dawa yake, kuna azithromaisini, kwa sababu kisonono na klamidia mtoto anavipata akizaliwa, vinamshika macho, na kisonono kinaweza kumpofusha. Wewe upimwe mkojo, VVU na kaswende, upate sindano na dozi kamili, na msilale pamoja mpaka wote mmalize.

JamaaWaKondele:
Nesi nakuheshimu lakini hujui hii nyumba. Mamangu anaishi na sisi, shemeji yangu ni mtu wa ngumi. Mimi nimeamua kuilinda familia, ni vile watu hawaelewi.

MtumishiWaBwana:
Kulinda familia kungeanzia Nyalenda ndugu yangu. Mshahara wa dhambi mnaujua.

OtienoWaMatairi:
Mtumishi, huyu hajauliza mshahara, ameuliza dawa.

Dada_wa_Milimani:
Kumpa mtu dawa bila kujua ni sumu hata kama ni vitamini. Mtoto akizaliwa na shida utamwambia pia ni minyoo?

TaaYaStima:
Ngojeni kwanza. Huyu si ndio alifungua uzi juzi anasema anaishi Nakuru, Pipeline, fundi simu, hajaoa na anatafuta mchumba anajua kupika omena? Leo ni boda Kisumu na mke mjamzito. Mnatibu hewa.

Fundi_Milimani:
Haki nimekumbuka! Hata mimi nilimjibu pale.

JamaaWaKondele:
Hii akaunti tunatumia na binamu. Ule wa omena ni yeye.

TaaYaStima:
Binamu tena. Na korodani ni ya nani?

MamaEsse_Kakamega:
Samahani nawaingilia. Kijana wangu wa kidato cha pili ameamka saa hii korodani moja inauma ghafla vibaya sana, ametapika, na naona imepanda juu kuliko ile nyingine. Nimpe panadoli alale tuone asubuhi?

NesiMstaafu:
Mama usingoje asubuhi. Inaweza kuwa imejisokota na damu haifiki, mna kama masaa sita tangu ilipoanza kuuma, baada ya hapo inaweza kufa. Mpeleke sasa hivi hospitali ya upasuaji, usimpe chakula wala uji, waambie hapo mlangoni ni korodani na ilianza saa ngapi. Wacha simu.

MamaEsse_Kakamega:
Tunatoka.

OtienoWaMatairi:
Boda mtakayoita isiwe ya huyu.

JamaaWaKondele:
Nesi sasa hiyo sindano ni lazima kabisa?

NesiMstaafu:
Lazima. Beba na hizo kapsuli zako uwaonyeshe, na kama uko SHA, ile bima ya afya ya serikali, beba kitambulisho.

JamaaWaKondele:
Na mama watoto nimwambie ni nini?

OtienoWaMatairi:
Mwambie ni binamu.