Doug Williams alistahili kiti cha kocha mkuu NFL, au tunamwonea huruma tu?

Wakuu, habari za muda huu. Najua wengi humu hatuifuatilii sana futiboli ya Kimarekani na ligi yake kuu, NFL, ila naomba mnivumilie, maana hili jambo linaniuma na nataka tulijadili kwa hoja.

Kwa asiyeujua mchezo: kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila unapoanzishwa. Ana sekunde mbili tatu za kuamua amrushie nani au ampe nani akimbie nao, huku majitu ya kilo mia na zaidi yanamjia kumwangusha. Ndiyo maana wengi wanaamini kwotabeki ni kocha aliyevaa jezi.

Sasa twende San Diego, tarehe 31 Januari 1988, Super Bowl ya 22, yaani fainali ya NFL. Washington wanacheza na Denver Broncos. Kwotabeki wa Washington ni Doug Williams, jezi namba 17, Mmarekani mweusi wa kwanza kuanza Super Bowl katika nafasi hiyo. Siku moja kabla alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno akitibiwa mzizi wa jino. Robo ya kwanza inaisha Denver 10, Washington 0, na katika robo hiyohiyo goti lake limejipinda, akatoka akichechemea. Akarudi. Mpira wa kwanza wa Washington katika robo ya pili anamtupia Ricky Sanders, Sanders huyo mpaka mwisho wa uwanja, yadi 80. Kisha Gary Clark, yadi 27. Timmy Smith anakimbia nao yadi 58. Sanders tena, yadi 50. Clint Didier, yadi 8. Pointi 35 katika robo moja, na walianzisha mpira mara 18 tu! Mechi ikaisha 42 kwa 10, Williams akawa mchezaji bora wa fainali. Robo ile nimeirudia mara nyingi kwenye video, na kila nikiiangalia naliona goti lile kabla ya mkono.

Sasa angalieni benchi la Denver siku hiyohiyo. Alikuwepo Gary Kubiak, kwotabeki wa akiba nyuma ya John Elway. Alipostaafu baada ya msimu wa 1991 akapewa kazi ya usaidizi chuo cha Texas A&M, mwaka 1994 akaenda San Francisco kufundisha makwotabeki, mwaka 1995 akarudi Denver kuongoza mashambulizi. Mwaka 2006 akawa kocha mkuu Houston. Februari 2016 akabeba Super Bowl ya 50 akiwa kocha mkuu wa Denver.

Na Williams? Washington walimwacha mwaka 1990. Akaenda kufundisha vijana wa sekondari kwao Louisiana. Mwaka 1997 akawa kocha mkuu wa chuo cha Morehouse, na 1998 akaitwa Grambling, chuo alichosoma, kumrithi Eddie Robinson, mzee aliyekaa pale tangu 1941 na kushinda mechi 408. Hebu fikirieni mzigo wa kuvaa viatu vya mtu huyo. Williams akachukua ubingwa wa SWAC, ligi ya vyuo, mwaka 2000, 2001 na 2002, mfululizo. Timu yoyote ya NFL ilimpa kiti cha kocha mkuu? Hakuna.

Swali langu kwenu: shida ilikuwa uwezo wake, au ni ngazi ambayo wengine walisogezewa yeye akanyimwa?

*

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta mada, heshima yako, lakini unachanganya mambo mawili. Kutupa mpira vizuri ni jambo moja, kufundisha ni lingine. Mfano hai ni Bart Starr. Alishinda Super Bowl mbili za mwanzo kabisa akiwa kwotabeki wa Green Bay, na zote mbili akawa mchezaji bora. Akaja kuwa kocha mkuu wa timu hiyohiyo, 1975 hadi 1983: alishinda mechi 52, akapoteza 76, sare 3. Kuwa nyota hakukumsaidia kitu.

Kinachotoa makocha ni benchi. Doug Pederson alikuwa akiba wa Brett Favre, kwotabeki wa Green Bay, akaja kuipa Philadelphia Super Bowl Februari 2018. Frank Reich akiba, Jason Garrett akiba, Kevin O'Connell na Kellen Moore hivyohivyo, na wote wakaja kuwa makocha wakuu. Mchezaji wa akiba anashinda na daftari wiki nzima, anasoma kila mpango wa mechi akijua huenda asiguse mpira Jumapili. Huo ni ufundishaji tayari. Kubiak alikaa msaidizi misimu 14 kabla ya kupewa timu. Williams yeye hakuipitia njia hiyo ya usaidizi wa NFL, na mwaka 2004 aliondoka Grambling kwenda Tampa Bay kwenye ofisi ya usajili. Aliichagua ofisi mwenyewe. Sasa nani wa kulaumiwa?

Na usisahau Hue Jackson. Mweusi, alicheza kwotabeki chuoni. Cleveland walimvumilia kuanzia 2016 hadi katikati ya 2018 akiwa ameshinda mechi 3 na kupoteza 36. Huyo naye alinyimwa ngazi?

*

Mchangiaji mwingine:

Mimi naishi Minnesota, miaka mingi sasa, na huku wazee wakikaa kuzungumzia kwotabeki wa chuo chao hawakosi kumtaja Tony Dungy. Alicheza Chuo Kikuu cha Minnesota mpaka 1976, lakini siku ya kuchagua wachezaji wa chuo hakuna timu ya NFL iliyomtaja jina. Pittsburgh wakamchukua bila kuchaguliwa na kumgeuza beki wa nyuma. Yaani mtu aliyezoea kusoma ulinzi wa wapinzani akaambiwa ageuke, alinde yeye. Mwaka 1977 makwotabeki wote wawili wa Pittsburgh waliumia katika mechi moja dhidi ya Houston, ikabidi Dungy aingie nafasi yake ya zamani. Siku hiyo alidaka mpira wa wapinzani akiwa beki, na mpira wake ukadakwa na wapinzani akiwa kwotabeki.

Mwaka 1984 alikuwa tayari anaongoza ulinzi wa Pittsburgh, hajafika miaka 30. Kocha mkuu alikuja kuwa 1996. Miaka 12 katikati hapo. Februari 2007 akawa kocha mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl, akiwa na Indianapolis. Kwa hiyo mlango ulikuwepo, ila ulifunguliwa taratibu mno. Mimi sina upande, naleta tu kumbukumbu.

*

Mleta mada:

Ahsanteni sana ndugu zangu. Nianze na wa Minnesota, maana kagusa penyewe. Timu iliyompa Dungy kazi mwaka 1996 ni Tampa Bay. Tampa Bay hiyohiyo ndiyo iliyomchagua Williams mwaka 1978, na akaifikisha mechi za mtoano mara tatu katika misimu minne: 1979, 1981 na 1982. Mshahara wake mwaka 1982 ulikuwa dola 120,000, na kulikuwa na wachezaji wa akiba kwenye ligi wanaolipwa kuliko yeye aliyekuwa anaanza. Aliomba 600,000, mmiliki Hugh Culverhouse akasimama kwenye 400,000. Williams akaondoka akaenda ligi nyingine. Msimu uliofuata Tampa Bay ilishinda mechi 2 na kupoteza 14, na haikuonja tena mtoano hadi 1997, chini ya Dungy. Kwotabeki mweusi mmoja walimwacha aende, na aliyekuja kuwatoa shimoni ni kwotabeki mweusi mwingine ambaye ligi ilimkatalia nafasi yake. Nikilifikiria hili napata uchungu kweli.

Sasa nije kwako mchangiaji wa kwanza. Hoja ya akiba ni nzuri na nakubali sehemu kubwa. Daftari linafundisha. Lakini jiulize nani aliruhusiwa kuwa akiba miaka hiyo. Kwotabeki mweusi asipokuwa bora kabisa alikuwa anageuzwa beki au mpokeaji, kama Dungy. Hakubakizwa benchi miaka tisa akijifunza, kama Kubiak. Ukiwaondoa watu kwenye benchi, umewaondoa pia kwenye darasa la makocha, halafu miaka ishirini baadaye unasema hawana uzoefu.

Hue Jackson nakupa. Cleveland walimvumilia kuliko rekodi yake, sitabishana na namba. Ila kabla ya hapo Oakland walimpa msimu mmoja, 2011, akamaliza ameshinda 8 amepoteza 8, akafukuzwa.

Na Bart Starr uliyemleta wewe mwenyewe, ndiye anayeniongezea hoja. Kabla ya kupewa Green Bay mwaka 1975 alikuwa amefundisha makwotabeki msimu mmoja tu, 1972. Mmoja! Akapewa timu nzima, akapoteza kuliko alivyoshinda, na wakamwacha misimu tisa. Simlaumu Starr, alikuwa mtu wa heshima zake na Green Bay walimpenda. Nachosema ni kwamba yeye aliruhusiwa kujifunza kazi akiwa kazini. Williams alikuwa na ubingwa wa vyuo mara tatu mfululizo mkononi.

Kanuni ya Rooney ilianza 2003: wakati huo timu ya NFL iliyotafuta kocha mkuu ilikuwa lazima imsaili angalau mgombea mmoja kutoka makundi ya wachache, kama weusi. Kumsaili siyo kumwajiri. Byron Leftwich, naye kwotabeki mweusi wa zamani, aliongoza mashambulizi ya Tampa Bay waliposhinda Super Bowl Februari 2021. Januari 2023 aliondolewa, na kiti cha kocha mkuu hakuwahi kukipata.

Kuhusu Williams kuchagua ofisi, hapo naomba tusiharakishe. Alirudi Grambling mwaka 2011, akachukua ubingwa tena mwaka huohuo. Septemba 2013 akafukuzwa baada ya kupoteza mechi mbili za mwanzo. Oktoba wachezaji wake wakagoma, wakakataa kupanda basi la kwenda Mississippi kucheza na Jackson State, mechi ikahesabiwa wamepoteza. Walilalamikia kuvu kwenye vyumba vyao, sakafu mbovu ya chumba cha mazoezi, na safari ndefu za basi kwenda mechi za ugenini. Chuo cha namna hiyo ndiko alikokuwa anafundishia, na bado alitoka na mataji manne.

Kwa hiyo mkuu, naomba unijibu kimoja tu: ni timu gani ingempa Williams misimu tisa ya Starr?