Naomba ushauri: nawezaje kulinganisha warushaji wa kasi wa zama tofauti?

Wadau wa kriketi wa Mbeya, Iringa na kwingineko, habari zenu. Naandaa jedwali la Excel la warushaji wa kasi wa mechi za Test (zile za kimataifa za hadi siku tano), vijana wa hapa Mbeya walitumie kujifunzia. Nimekwama kwenye kipimo.

Kwa wastani peke yake (mikimbio aliyofungwa mrushaji kwa kila wiketi, yaani kila mpigaji aliyemtoa), kati ya hawa watatu Malcolm Marshall anaongoza: wiketi 376, kila moja kwa mikimbio 20.94. Glenn McGrath ana 563 kwa 21.64, Dale Steyn 439 kwa 22.95. Lakini Steyn alipata wiketi kila baada ya mipira 42 hivi, McGrath karibu 52. Steyn alirusha zama ambazo wapigaji walifunga haraka zaidi, hivyo kumshusha kwa wastani tu ni kumwonea kabisa.

Kwa sasa nachukua wastani wa mrushaji, naugawa kwa wastani wa warushaji wengine katika mechi zilezile. Chini ya 1 ni vizuri. Takwimu zake mwenyewe lazima zitolewe kwanza kwenye kigawanyo, la sivyo anajilinganisha na nafsi yake.

Inapogoma ni hapa: Marshall alirusha pamoja na Michael Holding na Joel Garner katika timu ya West Indies. Wenzake wakali wanashusha kigawanyo, uwiano wake unapanda, anaonekana wa kawaida. Nikibakiza wapinzani tu, hao nao walikuwa wanawarushia wapigaji hatari wa West Indies, kwa hiyo anapendelewa.

Je, nitumie wastani wa warushaji wa kasi wote wa muongo husika? Na wiketi za wapigaji namba 9 hadi 11, ambao kwa kawaida ndio dhaifu zaidi, nizipe uzito gani?