Nimeuziwa boti ya uvuvi "mpya" kwa picha 40, na picha moja niliyoihitaji haikuwamo

Wavuvi wenzangu, nimesubiri siku nne kabla ya kuandika haya ili hasira ipungue, lakini kila ninapopita uani na kuiona boti ile juu ya trela yake, hasira inarudi palepale ilipokuwa. Nimenunua boti ya uvuvi bila kuiona kwa macho yangu. Najua wapo watakaoishia hapo kusoma na kusema nimejitakia, na kwa kiasi fulani sitabishana nao. Ila naomba kwanza muone jinsi muuzaji alivyojipanga, kwa sababu katika mazungumzo yetu yote karibu hakuna sentensi ninayoweza kuishika na kusema huu hapa ni uongo wa wazi, na hilo linaniudhi kuliko kasoro za boti yenyewe.

Tangazo lilisema ni boti ya faiba, mpya, ya kundi C (yaani kiwango cha upepo na mawimbi inachoweza kuhimili), inayobeba watu 6, yenye sitaha inayojitoa maji yenyewe, pamoja na injini ya kupachika nyuma ambayo haijawahi kuwashwa. Kwa kuwa ilikuwa mbali nami, niliomba picha, nikaletewa picha 40 na video moja. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba kila swali nililouliza kwa maneno lilijibiwa kwa picha. Niliuliza boti ilitengenezwa lini, nikaletewa picha ya usukani ukiwa bado umefungwa nailoni. Niliuliza kama imekaa juani, nikaletewa picha ya sitaha inayong'aa kwa nta. Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, niliona nailoni nikaridhika.

Boti za aina hii huwa na namba ya utambulisho iliyochongwa upande wa kulia wa tezi, yaani nyuma ya boti, karibu na ukingo wa juu. Ni herufi na tarakimu 14: zinaanza za nchi, zinafuata za mtengenezaji na za boti yenyewe, kisha inakuja herufi moja ya mwezi, tarakimu ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa, na mwishoni kabisa tarakimu mbili za mwaka wa modeli. A ni Januari, L ni Desemba. Yangu inaishia na H021, yaani Agosti 2020, modeli ya 2021, nami nimelipa mwishoni mwa mwaka 2024. Nilipoona hivyo nilizirudia zile picha moja baada ya nyingine. Tezi inaonekana katika picha saba. Katika tatu, pembe ya kulia imekatwa na ukingo wa picha. Katika nne zilizobaki, pembe hiyo imefunikwa na kamba ya nanga iliyoviringwa vizuri na kuning'inizwa hapo. Kamba ya nanga, ambayo mahali pake ni mbele, iko tezini! Mvuvi yeyote angeshangaa, nami nilikuwa nashangaa uzuri wa rangi.

Nilimpigia simu. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Kaka, mpya maana yake haijatumika. Hii haijatumika." Sasa mtu anisaidie kuelewa. Betri iliyokaa miaka minne bila kuchajiwa si mpya. Mpira wa pampu inayopoza injini, ambao mabawa yake yamekaa yamejikunja upande mmoja miaka yote hiyo, si mpya, na ukinisaliti nikiwa mbali na pwani injini itachemka bila kujali kwamba haijatumika. Mabomba ya mafuta yamekauka hadi ukiyapinda yanaonyesha nyufa ndogo. Isitoshe, nilipouliza kuhusu dhamana, nikaambiwa inahesabiwa tangu boti ilipotoka kiwandani. Kwa hiyo boti ni mpya inapotangazwa, na ni ya zamani inapodaiwa dhamana.

Hilo la kundi C nalo limenichukua muda kulielewa, na ningependa kila anayefikiria kununua kwa njia hii alisome polepole. Kundi C ni la boti iliyokusudiwa kuhimili upepo wa hadi daraja la 6 na mawimbi ya hadi mita 2. Kundi D ni la maji yaliyotulia, upepo wa hadi daraja la 4 na mawimbi ya hadi mita 0.3, ambayo ni sawa na kusema ziwa dogo asubuhi. Kibao cha boti yangu, kilichopigwa misumari karibu na usukani, kina safu mbili: C ni watu 4, D ni watu 6. Ndivyo vibao vingi vilivyo, kwani boti ileile huruhusiwa kubeba watu wengi zaidi pale ambapo maji ni matulivu. Muuzaji amechukua herufi kutoka safu ya kwanza na idadi kutoka safu ya pili, akaziandika pamoja. Kila kimoja kimo kwenye kibao. Vikiunganishwa, ni boti ambayo haipo duniani. Sisi huwa tunatoka watano, na tunatoka baharini. Ningemwamini, siku moja ningewapakia ndugu zangu wote kwa kutegemea tangazo lake.

Nimeishusha majini mara moja tu, na ilitosha. Sitaha inayojitoa maji inafanya kazi kwa sababu moja: iko juu ya usawa wa maji ya nje, hivyo maji yanayoingia yanatoka kupitia matundu ya nyuma kwa uzito wake yenyewe. Sitaha ikishuka chini ya usawa huo, matundu yaleyale yanageuka milango. Tulijaza tanki la mafuta, tukaweka barafu kwenye sanduku la samaki, wawili wetu tukasimama nyuma kama watu wanaovuta samaki, na maji yakapanda kupitia matundu hadi vifundoni. Nimeitazama upya video yake: yumo mtu mmoja, amesimama karibu na omo, yaani mbele ya boti, na boti inaelea kwa madaha. Nani huvulia samaki omoni peke yake, tanki likiwa tupu?

Mengine nayapita haraka. Urefu uliotangazwa umehesabu hadi mkono wa nanga uliochomoza mbele, na vishikio vya fimbo vimekazwa kwa skrubu tupu bila bamba la kuvishikilia kwa ndani, kiasi kwamba kimoja kiling'oka mkononi mwangu kabla hata sijaweka fimbo.

Lililobaki ni kosa langu, na sitalificha. Dereva wa lori alifika jioni, giza likiingia, akanipa karatasi nitie saini kabla ya kufungua turubai, akidai kwamba ana safari nyingine usiku huohuo. Nilimwonea huruma. Karatasi ile inasema mzigo umekaguliwa na kupokelewa ukiwa katika hali nzuri, na leo ndiyo ngao ya muuzaji: kila ninachosema, ananirudishia nakala yenye saini yangu.

Nimemwandikia rasmi. Nimeambatanisha namba ya tezini, picha ya kibao na nakala ya tangazo lake, nikamtaka achague kati ya kuichukua boti na kunirudishia fedha zangu pamoja na gharama ya lori, au kupunguza bei hadi ifanane na boti ya mwaka 2020 ya watu 4. Nilimwomba anijibu kwa maandishi, kwa neno ndiyo au hapana.

Jibu limekuja jana usiku. Ni picha tano mpya za boti ileile, zilizopigwa kabla haijapakiwa kwenye lori, na chini yake ameandika: "Ona ilivyotoka kwetu ikiwa nzuri." Katika picha ya tatu, kamba ya nanga ipo palepale.