Malalamiko ya unyanyasaji chuoni: kwa jina au bila jina?

Wadau wa Mwanza, wakubwa shikamooni. Chuo kimoja hapa mjini (sikitaji) kinataka kupokea malalamiko ya uonevu na rushwa ya ngono bila jina la mlalamikaji. Wahadhiri wamekuja juu, wanasema waliofeli watalipiza kisasi. Mimi naunga mkono, ila si kwa sanduku.

Sisi tulikuwa nalo. La mbao, nje ya ofisi ya mkuu wa idara, na ufunguo wake ulikaa kwa katibu muhtasi, kwenye shada moja na wa choo. Ukitumbukiza karatasi, foleni nzima ya fomu za supu (mitihani ya marudio) imekuona. Mwenzangu aliandika kwa mkono wa kushoto asijulikane mwandiko. Lakini kisa cha kuitwa gesti Kirumba "kuangalia maksi" walikijua watu wawili tu. Wiki haikuisha, mhadhiri mhusika akamuuliza.

Mwalimu, Igoma: Pole yake. Mimi nilitajwa na karatasi isiyo na jina. Niliitwa, nikauliza lini, wapi? Hakuna wa kunijibu. Sikushtakiwa, sikusafishwa. Mpaka leo nikiingia darasani mabinti wanahamia viti vya nyuma.

Mama wa wawili, Buhongwa: Visanduku vya nini? Rushwa ya ngono ni kosa, kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapigiwa 113, bure. Na tangu 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Mleta mada: Mama, sheria naiheshimu. Ila binti anayesubiri matokeo ya supu, akifeli anadisko (anaondolewa chuo), hiyo 113 ataipiga akishahitimu. Mwalimu, wewe umenigusa. Ndiyo maana nasema jina lifichwe, lisikosekane. Mlalamikaji apewe namba. Mtu mmoja asiye wa idara ile amjue, aweze kumrudia na kumuuliza hayo ya lini na wapi. Nawe ungejibiwa. Na siku namba tatu zisizojuana zikimtaja mtu yuleyule, hapo hata wa kwanza aliyeogopa atakubali kusimama.

Mwalimu, Igoma: Na huyo mtu mmoja akiwa shemeji yake mtuhumiwa? Mwanza hii hii?

Mleta mada: Basi wawe wawili, mmoja atoke nje ya chuo. Najua watakapogomea: posho yake.