Njia nyembamba za msituni: waendesha baiskeli, watembezi na mbwa tupishane vipi? Naomba ushauri

Mtembezi wa Alfajiri (mtoa mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kuhusu jambo ambalo limeanza kuleta uhasama baina ya watu ambao wote wanaupenda msitu mmoja. Mimi ni mtembezi, na mara nyingi nafuatana na mbwa wangu, ambaye ni mtiifu kwa kiasi fulani lakini bado ana umri mdogo, na kila kinachokimbia humtia hamu ya kukifukuza. Njia tunazozitumia ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kukaa pembeni. Zina kona zilizozibwa na vichaka, na zina miteremko ambayo waendesha baiskeli za milimani huipenda kwa sababu ile ile inayonifanya mimi niiogope. Hadi sasa hakuna aliyeumia, ila maneno makali yamekwisha kurushwa: wapo watembezi wanaotaka baiskeli zipigwe marufuku, na wapo waendeshaji wanaosema kwamba mbwa ndio chanzo cha matatizo yote.

Wasimamizi wa msitu wameitisha kikao cha watumiaji, na watembezi wenzangu wameniomba niandae mapendekezo. Nisingependa kuingia kikaoni na malalamiko matupu. Nataka kuelewa ni nani anayepaswa kumpisha nani na kwa sababu gani, mbwa afanyiwe nini baiskeli inapotokea, na kama kuna namna ya kuitengeneza au kuigawa njia ili usalama wetu usitegemee ustaarabu wa mtu peke yake. Waendeshaji wenyewe, naomba mjibu bila kunionea haya.

Gurudumu la Nyuma

Ndugu mtoa mada, nashukuru kwa kuuliza kwa utulivu. Mimi ni mwendeshaji, na nitaanza na lile swali la kupishana kwa sababu jibu lake limekwishaandikwa zamani. Chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani, IMBA, kilichoanzishwa nchini Marekani mwaka 1988, kina kanuni zake za njiani, na mojawapo inamtaka mwendeshaji awapishe watumiaji wengine, yaani watembezi na wapanda farasi, isipokuwa pale ambapo njia imetengwa waziwazi kwa ajili ya baiskeli. Baina ya waendeshaji wenyewe, anayeteremka humpisha anayepanda, kwa kuwa aliyesimamishwa katikati ya mpando hupata taabu kubwa kuondoka tena.

Sababu ya kumpa mtembezi kipaumbele inaonekana ukipiga hesabu. Mwendo wa kilomita 25 kwa saa ni takriban mita 7 kwa kila sekunde. Mtu anayeshtukizwa hutumia sekunde moja au zaidi kabla mkono wake haujaminya breki, kwa hiyo mita 7 zimekwisha kabla hajaanza hata kupunguza mwendo, na baada ya hapo bado kuna mita za kuteleza kwenye udongo, majani na mizizi. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka mara nne. Ndiyo maana sipendi mjadala wa nani ana haki ya njia, kwani haki haifupishi umbali huo hata kwa hatua moja. Kanuni ninayowapa wenzangu ni kwamba mtu aende kwa mwendo utakaomwezesha kusimama ndani ya nusu ya njia anayoiona mbele yake. Nusu nyingine ni ya yule anayekuja kutoka upande wa pili.

Kuhusu kengele, waendeshaji wengine huona aibu kuifunga, na wengine huipiga wakiwa wamekwishafika mgongoni mwa mtu, jambo ambalo ni afadhali wasingeipiga kabisa. Ipigwe mapema, mita 30 au zaidi, kisha mwendeshaji apunguze mwendo na aseme neno. Salamu hufanya kazi kuliko amri. Ukipaza sauti «kulia!», nusu ya watu wataruka kulia wakidhani wameamriwa kwenda huko, na wengine watasimama palepale wakigeuza shingo. Semeni kwa ukamilifu: «Habari za asubuhi, niko nyuma yako na baiskeli, nitapita ukiwa tayari.» Mkiwa wengi, wa kwanza ataje idadi ya wanaomfuata, ili mtembezi asirudi njiani wakati baiskeli ya tatu inapita. Kuna kengele ndogo zinazolia zenyewe kwa mtikisiko wa baiskeli, na hizo nazipendekeza sana kwa miteremko. Mwenye kelele hana neno.

Jambo moja la nyongeza: mara nyingi mtembezi ndiye anayekaa pembeni kwa hiari, kwa kuwa ni rahisi kwake kuliko kwangu. Huo ni wema wake wala si wajibu wake, na anayepita bila kushukuru anawaharibia wengine wote watakaokuja baada yake.

Nyayo Mbili

Nimeyasoma maelezo ya Gurudumu la Nyuma na nayaheshimu, lakini naomba niseme kile ambacho watembezi wengi hawakisemi kikaoni. Kanuni nzuri zimekuwapo kwa miaka mingi, na bado mtu mzima mwenye masikio mazito analazimika kugeuka nyuma kila baada ya hatua chache. Kengele haimsaidii asiyesikia. Mzigo wa tahadhari umehamishiwa kwa yule aliye dhaifu zaidi, na matokeo yake ni kwamba watu wa aina hiyo huacha kuja msituni kimyakimya, kisha takwimu za ajali zinaonekana safi.

Nchi nyingine zimeamua kuweka mipaka kwa sheria. Katika jimbo la Baden-Württemberg nchini Ujerumani, sheria ya misitu hairuhusu baiskeli kwenye njia zenye upana usiofika mita 2, isipokuwa pale mamlaka inapotoa ruhusa maalumu. Nchini England, sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu waendesha baiskeli kutumia njia za farasi kwa sharti la kuwapisha watembea kwa miguu na wapanda farasi, lakini haki hiyo haikuhusisha njia za miguu. Kwa hiyo kusema kwamba kila njia ni ya wote si sheria ya maumbile.

Na kwa kuwa nimeanza kusema ukweli, wenye mbwa nao wasijifiche nyuma ya baiskeli. Ile kauli ya «haumi, anataka tu kucheza» haimpi faraja mtu anayeogopa mbwa. Hofu hiyo haiondoki kwa maelezo ya mwenye mbwa anayepaza sauti akiwa mbali.

Mfunza Mbwa

Nakubaliana na Nyayo Mbili kuhusu kauli hiyo, na ninaisikia mara nyingi mno. Kazi yangu ni kufundisha mbwa pamoja na wenye mbwa, na hao wa pili ndio wagumu zaidi. Nitajibu swali la mtoa mada kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo penye uzembe mwingi.

Mbwa anayefukuza baiskeli si lazima awe mkali. Kitu kinachopita kwa kasi huamsha ndani yake silka ya kuwinda, na kadiri kinavyozidi kukimbia ndivyo silka hiyo inavyozidi kuwaka. Mwendeshaji anayeongeza kasi ili amkimbie mbwa anafanya hasa kile ambacho mbwa alikuwa anakitamani. Anayepiga teke naye hupoteza mizani na humfundisha mbwa kwamba baiskeli ni adui. Ushauri wangu kwa mwendeshaji ni asimame, ashuke, aiweke baiskeli kati yake na mbwa, na azungumze kwa sauti ya kawaida. Mbwa wengi hupoa mara tu wanapotambua kwamba kile kilichokuwa kinakimbia ni mtu.

Kwa mwenye mbwa, utaratibu ni huu: unaposikia kengele au sauti, mwite mbwa, fupisha kamba, toka njiani, kisha mkalishe upande wa nje, wewe ukiwa kati yake na baiskeli. Wewe na mbwa muwe upande mmoja wa njia. Nasisitiza hili kwa sababu mtu akiruka upande huu na mbwa akaruka ule, kamba inabaki imenyooshwa katikati kwenye usawa wa gurudumu. Ile kamba nyembamba inayojikunja na kujirefusha yenyewe ni hatari zaidi, kwani mwendeshaji haioni mpaka amekwisha kuifikia. Msituni tumieni kamba ya kawaida isiyozidi mita 2. Urefu huo huo ndio uliowekwa na sheria ya England ya mwaka 2000 kwa maeneo ya wazi ambako umma unaruhusiwa kutembea, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, kipindi ambacho ndege wengi wanaotaga chini wanalea makinda yao. Kwa hiyo kamba fupi inawalinda viumbe wengine pia, si mwendeshaji peke yake.

Kuhusu mafunzo, msianzie msituni. Anzeni na baiskeli iliyosimama mahali pa wazi, mbwa akiwa mbali kiasi cha kuiona bila kuchachamaa, na kila anapoiona kisha akageuza macho kukutazama wewe, mpe kitu anachokipenda. Baadaye baiskeli isukumwe polepole, halafu iendeshwe polepole, halafu ipite karibu zaidi. Umbali upunguzwe pale tu mbwa anapokuwa mtulivu, hata kama itachukua majuma mengi. Kumvuta shingo au kumchapa wakati baiskeli inapita humfanya aunganishe baiskeli na maumivu, na mbwa aliyekuwa akikimbiza kwa mchezo anaweza kuanza kuuma kwa hofu.

Suala la kinyesi halijaulizwa, lakini litatokea kikaoni, niaminini. Kinyesi cha mbwa kinaweza kubeba mayai ya minyoo ya Toxocara ambayo hudumu kwenye udongo kwa muda mrefu na huweza kumwambukiza binadamu, hasa watoto. Kiokotwe na kiondolewe msituni. Mfuko uliofungwa vizuri kisha ukatundikwa kwenye tawi ni uchafu ule ule uliopambwa.

Mtembezi wa Alfajiri (mtoa mada)

Nawashukuru nyote, pamoja na Nyayo Mbili, ambaye amesema yale ambayo baadhi ya wenzangu wangependa niyaseme. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, Mfunza Mbwa, je, kuna hali yoyote ambayo mbwa anaweza kuachiwa huru kwenye njia kama hizi? Pili, kuna mjumbe aliyependekeza tugawane siku, baiskeli ziwe na siku zake na sisi tuwe na zetu. Je, jambo hilo limewahi kufanyika mahali popote, au ni ndoto?

Mfunza Mbwa

Kipimo changu ni kimoja: kama huwezi kumwita akarudi wakati amekwisha kuanza kumfukuza mnyama anayekimbia, hayuko tayari. Kurudi anapoitwa wakati hakuna kinachomvutia si ushahidi wa kitu chochote. Na hata aliye tayari afungwe kamba kwenye kona na miteremko, kwa sababu huko wewe mwenyewe huoni kinachokuja.

Jembe na Sepeto

Nimekuwa nikifuatilia mjadala huu kwa kuwa kazi yangu ni kujenga na kukarabati njia za msituni. Kugawana siku si ndoto. Kwenye njia inayozunguka milima ya Ziwa Tahoe nchini Marekani, kuna kipande ambacho baiskeli huruhusiwa siku za tarehe shufwa tu. Katika bonde la Millcreek, karibu na Salt Lake City, walikwenda mbali zaidi: siku za tarehe witiri mbwa wanaweza kuachiwa bila kamba, na siku za tarehe shufwa wanafungwa, na hizo ndizo siku ambazo baiskeli huruhusiwa kwenye njia za juu. Huo ni mpangilio ulioundwa kwa ajili ya mgogoro unaofanana kabisa na wenu.

Udhaifu wake ni kwamba unahitaji mabango yanayoeleweka, watu wanaojua tarehe, na msitu wenye njia nyingine za kutosha kwa wale ambao siku si yao. Mkiwa na njia moja tu, mtakuwa mmewafungia watu msitu nusu ya mwezi. Marufuku anayoitaka Nyayo Mbili ina tatizo linalofanana na hilo, kwa sababu waendeshaji waliofukuzwa kwenye njia rasmi mara nyingi huchonga za kwao kichakani, mahali ambapo hakuna anayesimamia mifereji wala mwendo. Lakini hoja yake kuhusu wasiosikia na wazee ni ya kweli, na kwa ajili yao ningetenga angalau mzunguko mmoja mfupi usioruhusu baiskeli, ulio karibu na lango, badala ya kuufunga msitu wote.

Yaliyobaki ni ya jembe. Migongano mingi inatokana na njia iliyochorwa vibaya: mteremko mrefu ulionyooka, ambao unampa mwendeshaji kasi, kisha kona isiyoona mbele. Kasi hupunguzwa kabla ya kona, si ndani yake. Njia inaweza kupindishwa kidogo, au kubanwa kati ya mawe mawili makubwa, au kuinuliwa kidogo ili mwendeshaji alazimike kupanda hatua chache. Kuinua huko kuna faida ya pili, kwani hutoa maji njiani na kuzuia mmomonyoko. Msiweke magogo ya kuvuka ghafla wala vizuizi vilivyofichika, kwa sababu hiyo ni mitego, na atakayeumia anaweza kuwa mtembezi wa jioni. Pia, mkiwa na njia mbili zinazokaribiana, ule mteremko mkali uwe wa baiskeli kwa upande mmoja tu, na watembezi wapewe ile nyingine.

Gurudumu la Nyuma

Naunga mkono yote isipokuwa mawe ya kubana njia. Yakiwekwa na mtu asiye fundi, usukani utagonga, na usukani wa baiskeli hizi siku hizi unaweza kufikia sentimita 80 kwa upana. Pimeni kwanza, tafadhali.

Jembe na Sepeto

Hilo ni kweli, na ndiyo sababu jambo la kwanza ambalo ningelipeleka kikaoni halihitaji mawe wala fedha nyingi. Tembeeni njia nzima pamoja, mwendeshaji mmoja, mtembezi mmoja na mwenye mbwa mmoja, na katika kila kona mpime ni mita ngapi zinaonekana mbele. Kona inayoonyesha chini ya mita 20 ikatiwe vichaka upande wa ndani, kwa idhini ya wasimamizi na nje ya msimu wa ndege kutaga. Zile ambazo haziwezi kufunguliwa, ama kwa mwamba au kwa mti mkubwa, ziwekeni kwenye ramani. Hizo ndizo zitakazohitaji kupindishwa na kupewa bango.

Mtembezi wa Alfajiri (mtoa mada)

Nimeelewa. Nitapendekeza matembezi hayo yafanyike kabla ya kikao, na nitamwomba mmoja wa waendeshaji ashike futi ya kupimia.