Naanza kazi kwa broka wa chai Jumatatu, mnada sijawahi hata kuuona

kijana_wa_mtongwe:
Wadau salaam. Nimepata kazi kwa broka mmoja wa chai hapa mjini Mombasa, chumba cha sampuli, Jumatatu ndo naripoti. Sasa mimi mnada niliowahi kuuona maishani ni ule wa madalali wakija kubeba friji ya jirani, kwa hivyo nikisikia mnada wa chai naona mzee kasimama mbele na nyundo anapiga kelele na mimi nko pembeni naogopa hata kujikuna kichwa isije ikahesabika nimenunua konteina nzima 😂 Kwa aliyefanya kazi hizi, siku ya kwanza inakuwaje? Halafu siku ya intavyuu niliona ubao umeandikwa BP1, PF1, PD, nikaitikia tu kichwa kama naelewa. Na feri nayo inanipa presha.

kikombe_cha_nne:
Hongera kaka. Hiyo nyundo itoe kichwani kabisa, tangu 2020 mnada uko kwa kompyuta, wanunuzi wanabofya bei wakiwa maofisini kwao na wewe wa sampuli hutasikia hata sauti. Kazi yako ni kabla ya mnada. Sampuli zinakuja kwa vifurushi, kila kimoja kina shamba lake na namba ya loti (fungu la chai linalouzwa kwa pamoja), wewe unapima majani kwa mizani ndogo, unatia kwenye kibirika chenye kifuniko, maji yawe yanatokota kweli kweli sio yalotokota ukayaacha ukaenda kupiga stori, kisha saa inahesabu dakika. Kipimo cha kimataifa ni gramu 2 kwa kila mililita 100, dakika 6, lakini ofisi zina mila zake, we fuata unavyoonyeshwa. Nilikokuwa mimi tulikuwa tunatia na maziwa kidogo, kijiko kile kile, vikombe vyote sawa. Majani yaliyotoka kwenye maji unayapindulia juu ya kifuniko, makavu yanakaa kwa kibati nyuma, ndo mwonjaji aone vyote vitatu pamoja.

Usicheke ukimuona anavyoonja. Anavuta chai na kijiko kwa sauti mpaka utadhani anakunywa uji wa moto, anatema kwenye ndoo ya magurudumu anaisukuma na mguu, kikombe kingine, na bei anaitaja hapo hapo mtu anaandika. Vikombe mia na kitu kabla ya saa sita!

Sasa hizo herufi. BP1 na wenzake sio chai nzuri na mbaya, ni ukubwa wa punje. Majani yanakatwa katwa na mashine kisha yanapita kwa chekeche, BP1 punje kubwa, PF1 ndogo yake ile inayoingia sana kwa vifuko, halafu PD, D1 ishakuwa kama unga. Zile zenye nyuzinyuzi ndo daraja la chini.

Lakini ukiniuliza kitu kimoja cha kushika ni MPANGILIO. Mimi wiki ya pili nilipanga trei moja nikianzia kulia badala ya kushoto. Mwonjaji kafika kikombe cha nne kasimama. Kavuta tena. Akaniuliza, "Kijana, hii ni ya Malawi?" Nikamwambia ndio, katalogi inasema hivo. Akasema Malawi inatoa rangi nyekundu nzito, hii inang'aa na inauma ulimi, hii ni Rwanda, nani amepanga hapa. Walahi nilitamani sakafu inimeze. Trei yote ikamwagwa tukapika upya, na kama asingeshtuka mtu wa Rwanda angepangiwa bei ya chai isiyokuwa yake.

mzee_wa_ukumbini:
Mwanangu umekosa uhondo. Mnada ulianzia Nairobi 1956 ukaletwa huku 1969, bandari si iko huku, chai ya nini kukaa bara. Sisi tumeukuta ule wa ukumbini pale Tea Trade Centre, Nyerere Avenue, wanunuzi wamekaa na makatalogi yao yamejaa wino, bei kwa senti za dola, na mtu wa Pakistan na mtu wa Misri wakiitaka loti moja hapo ndo ulikuwa unaona raha. Nyundo ikigonga imegonga, hakuna cha nilikuwa sijamaliza. Siku hizi ukumbi kimya, kila mtu na skrini yake. Sisemi ni vibaya, ila haina ladha.

bi_achari:
Hakuna aliyemwambia kuhusu harufu?? Kaka chai inavuta harufu kuliko nguo. Kanzu yako ya Ijumaa iliyofukizwa udi iache nyumbani, marashi hapana, na kachumbari ya jana usiku pia fikiria. Mimi siku ya kwanza niliingia nimejipulizia vizuri kabisa, nikarudishwa kwenye bomba ninawe mpaka viwiko. Na kama unatafuna muguka, yale majani ya miraa, basi huko kuonja ukusahau, ulimi hausikii kitu.

shimanzi_godauni:
Ukichoka vikombe njoo kwetu magodauni, gunia la karatasi linapita kilo 60, utaikumbuka sampuli ya gramu mbili 😅

kikombe_cha_nne:
@kijana_wa_mtongwe feri panda ya saa kumi na moja na nusu usingoje ya saa kumi na mbili, ile ikijaa imekula kwako.

kijana_wa_mtongwe:
Ahsanteni sana, nimerudi kuripoti. Feri niliiwahi. Udi nilikumbuka, lakini sabuni ya mama ina harufu ya waridi nikanawa mara mbili. Leo sijagusa majani, nimeosha vikombe na kuvipanga tu, kutoka KUSHOTO, nikirudi kuhesabu mpaka yule dada ninayefanya naye kazi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mwonjaji alinipa kijiko nijaribu. Nilimeza.

bi_achari:
😂😂 Wote tulimeza. Leo hulali.