Naomba ushauri: nawafundishaje darasa la tatu maneno ya hali ya hewa kwa Kiingereza?

Ticha wa Nyanda za Juu
Habari za saa hizi, walimu wenzangu na wadau. Nafundisha Kiingereza darasa la tatu, shule ya kijijini huku Njombe. Tumeingia mada ya hali ya hewa. Maneno yenyewe wameyashika: nikigusa picha kwa fimbo wanaitika wote, "sunny, rainy, cloudy, windy, snowy", mpaka darasa la jirani nalo limekariri.

Shida inaanza nikiiacha chati. Jana asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mlingoti wa bendera hauonekani kutoka dirishani. Nikauliza, "What is the weather like today?" Darasa zima likasimama: "We are fine, thank you teacher!" Nikaanza kuita mmoja mmoja. Wa kwanza akasema, "I like weather." Wa pili akageukia ukutani, akasoma "sunny" kwa kuwa ndiyo picha ya kwanza. Sunny, na yeye mwenyewe kajikunyata ndani ya sweta!

Halafu hiyo chati niliyoikuta ina mtu wa theluji kavaa skafu, ila ukungu haimo. Watoto wamepita 80, vitabu vya kugombania, projekta ndiyo usiulize. Naomba kuwasilisha.

Mama Chaki
Pole mwalimu. Hapo watoto hawana kosa, swali lako lina mtego. "Like" wanaijua kwenye "I like mangoes", sasa leo unawaletea like nyingine wanaitoa wapi? Jaribu "How is the weather today?"

Mstaafu Mbeya
Mama Chaki, ukianza na "how" watakujibu fine vilevile, wamezoeshwa tangu chekechea.

Mimi nilikuwa siulizi swali la wazi kabisa mwanzoni. Nawasimamisha madirishani, au tunatoka nje, nauliza: "Is it sunny?" Wanaangalia juu, wanasema "No!" "Is it cold?" "Yes!" Mtoto hasemi neno jipya hata moja, lakini masikio na macho yanafanya kazi. Wakizoea, nawapa mawili wachague: "Is it sunny or cloudy?" Hapo jibu liko ndani ya swali, hata aliye nyuma kabisa analiokota. Swali la wazi linakuja mwisho, tena wakati huo wanalijibu kabla hujalimaliza.

Na chati ifunike kwanza. Ukiiacha wazi watasoma ukuta, hawatasoma mbingu.

Kijana wa Kino
Huku Dar fundisha neno moja tu, "hot". Mada imeisha, tusonge mbele 😂

Mama Chaki
@Kijana wa Kino, Julai alfajiri pale kituo cha daladala sweta zote zile ni za nini?

Mwl. Sarufi
Naongeza jambo ambalo naona limepitwa. Sisi tunasema "kuna jua", "mvua inanyesha", "nasikia baridi". Mtoto akihamisha hivyo hivyo anakuletea "There is sun", "Rain is raining", na ile maarufu, "I am hearing cold". Kiingereza kinaweka "it" mbele, na hiyo "it" haimtaji mtu wala kitu. Usijaribu kuwaeleza, utapoteza kipindi kizima. Wape "It's cold", "It's raining" vikiwa vizima kama neno moja, tangu siku ya kwanza. Anayejifunza "cold" peke yake ndiye baadaye atakuandikia "Today is hearing cold" kwenye mtihani.

Kila neno lipe na kitendo: cold wanajikumbatia, windy wanapepea mikono, raining vidole vinagonga dawati. Kwa watoto 80 hii inakuokoa, maana unamwona papo hapo ambaye hajaelewa bila kumwita mmoja mmoja.

Ticha wa Nyanda za Juu
@Mwl. Sarufi asante sana, ya vitendo nimeipenda. Na hii "snowy" niifute? Mwalimu mwenzangu anasema ipo kwenye vitabu, niiache.

Mpemba Halisi
Iweke akiba, mwalimu. Anza na kilicho nje. Mimi huku "windy" naifundisha kusi likivuma, watoto wenyewe wanajua siku ambayo baba hakwenda baharini. Na zile spring, summer, autumn, winter usizikimbilie. Njombe mvua zenu ni Novemba hadi Aprili hivi, kisha kiangazi na baridi yake. "Rainy season" na "dry season" zinawatosha.

Mwalimu Kericho
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu mvua ya mawe hutushambulia sana hata majani chai yanaharibika, kwa hivyo mtoto ameshashika barafu iliyotoka juu. Nafikiri nanyi Njombe mnaipata. Fundisha "hail" kwanza. Ukifika kwa "snow", waonyeshe picha ya kilele cha Kilimanjaro, iko kwenu Tanzania, hakuna haja ya yule mtu wa skafu.

Mstaafu Mbeya
Naunga mkono. Zana nayo isikuumize kichwa. Karatasi ya mfuko wa saruji, chora duara, gawa vipande sita: sunny, cloudy, rainy, windy, foggy, cold. Mshale wa boksi katikati, kizibo cha soda na msumari mdogo vinaushikilia. Kila asubuhi mtoto mmoja anauzungusha, kisha anakuwa mtangazaji. Maikrofoni ni gunzi la hindi. "Good morning. Today in Njombe it is cold and foggy." Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wanausikia redioni, kwa hiyo sauti ya utangazaji wanayo tayari. Wenye aibu ndio watakaokushangaza, wakishika gunzi hawataki kuliachia.

Fanya kila siku, dakika chache, hata mada ikiisha.

Ticha wa Nyanda za Juu
Shukrani zenu wakuu. Saruji ipo, ofisi ya mwalimu mkuu imekarabatiwa juzi tu. "Foggy" naibandika juu ya mtu wa theluji. Swali la mwisho: huku kuna siku mvua inanyesha na jua linawaka, watoto wanasema simba anazaa. Mshale uelekee wapi?

Mstaafu Mbeya
Kata mishale miwili. Hapo ndipo watajifunza "and".

Kijana wa Kino
Na huyo simba?

Mama Chaki
Huyo ni wa mada ya wanyama 😄